Nyuzi Kumi za Mguu wa Kulia

Nyamkoro, Mara
14 Septemba 1997

Mdogo wangu Selestina,

Pokea salamu za watu wote wa hapa nyumbani. Mama yupo, kifua kimemwacha tangu masika yakatike, na bado analima mtama wake ingawa tumemkataza. Wifi yako Wilhelmina amerudi kutoka msibani kwao. Mihogo imekubali mwaka huu. Ufukweni ndiko kumebadilika, ungekuja usingepafahamu: malori ya viwanda vya sangara yanashuka na barafu mpaka kwenye maji, kila mwenye nguvu amekimbilia huko, na darasa langu la hisabati limebaki nusu. Wewe na Josephat hamjambo? Na Hellen ameanza shule?

Sasa nikuambie kilichonifanya nishike kalamu. Binti yetu Amondi anachechemea. Alianza mwezi wa nne, tukadhani ni kuruka kamba. Anasema goti la kulia linauma. Nimempeleka zahanati mara mbili, wakampa dawa ya kuchua na vidonge, lakini goti lenyewe halijavimba, ukiligusa halimuumi. Kila akikanyaga mguu huo mwili wote unalalia upande wa kulia, na unyayo umegeuka kutazama nje. Ana miaka kumi na tatu na amenenepa haraka mwaka huu, mama yake anasema ni uzito tu. Mimi sina raha.

Wewe ndiye mtu wa viungo katika ukoo huu, uliyesomea tiba ya mazoezi. Nifanye nini? Au nimlete hapo hospitalini kwako umwone?

Kaka yako,
Oyoo

*

Kiseke, Mwanza
2 Oktoba 1997

Kaka Oyoo, shikamoo.

Barua yako ilinikuta nafua nguo, nikaisomea pale pale na mikono yenye povu. Nimefurahi kusikia Mama amepona kifua. Sisi tupo. Josephat anakwenda Ukerewe na kurudi na biashara yake ya mchele, Hellen ameanza darasa la kwanza na analia kila asubuhi.

Kuhusu Amondi, usihangaike na goti. Mtoto wa umri huo akisema goti linauma na goti ni zima, tazama nyonga. Maumivu ya nyonga hushuka kwa ndani ya paja yakaenda kujitokeza gotini. Kabla hujafunga safari nataka unipimie, maana wewe mwalimu una kile kipimapembe kikubwa cha mbao cha ubaoni.

Alale kifudifudi kwenye meza ngumu, magoti yamegusana. Akunje goti mpaka unyayo utazame dari. Wifi amshike kiuno kisiinuke, kikiinuka kipimo ni cha uongo. Kisha auachie mguu udondoke taratibu kwenda nje. Hapo ndipo watu wengi hukosea: unyayo ukienda nje, nyonga inazunguka kwa ndani. Unyayo ukivuka kwenda upande wa mguu mwingine, nyonga inazunguka kwa nje. Ning'iniza uzi wenye jiwe ili upate mstari wa wima, soma nyuzi kutoka hapo. Pima miguu yote miwili, maana mguu mzima ndio utakaotuambia mwingine umepungukiwa nini.

Halafu nguvu. Alale ubavu wa kushoto, mguu wa kulia juu, umenyooka. Aunyanyue. Asipoweza kabisa, andika mbili. Akiunyanyua bila mkono wako, andika tatu. Akistahimili ukikandamiza kidogo, nne. Ukikandamiza kwa nguvu na mguu usishuke, hiyo ni tano, ndiyo nguvu ya mtu mzima wa afya. Weka kiganja juu kidogo ya goti. Na kila asubuhi na jioni aunyanyue mara kumi, misuli ya pembeni isilale.

Safari ya huku ngoja kwanza. Hospitalini mambo yamebanana, wafanyakazi wamepunguzwa. Na barua zako tuma kwa sanduku la kanisa la hapa Kiseke, si la hospitali. Kule zinachelewa.

Msalimie Mama sana.
Selestina

*

Nyamkoro
26 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Marahaba. Huku mvua zimeanza mapema na si za kawaida, redio inazitaja kila siku. Choo cha shule kimetitia. Mama anakusalimu, anauliza kwa nini hukuja mwezi wa nane kama ulivyoahidi.

Kazi uliyonipa nimeifanya. Tulitumia meza ya ofisi ya walimu siku ya Jumamosi, wifi yako akashika kiuno na mwalimu mwenzangu Antoni akashika uzi. Amondi alicheka, akasema anapimwa kama pembetatu. Nimeandika hivi:

Mguu wa kushoto, kuzunguka kwa ndani nyuzi arobaini na tano, kwa nje arobaini na tano. Mguu wa kulia, kwa ndani nyuzi kumi, kwa nje sitini na tano. Nguvu, kushoto tano, kulia tatu.

Zile kumi nilirudia mara nne nikidhani nimekosea. Ukitaka kuusogeza zaidi anakunja uso na mguu unagoma kama mlango uliovimba kwa maji. Jambo jingine ambalo hukuniuliza: akilala chali nikimkunjia goti kuelekea kifuani, goti haliji kifuani, linakimbilia nje lenyewe.

Mazoezi anafanya asubuhi na jioni, hakosi. Nitampima nguvu kila Jumamosi nikuandikie anavyoendelea. Nina hakika kwa juhudi yake mpaka Krismasi tutafika nne. Uliniambia ningoje kumleta, nami nangoja neno lako.

Oyoo

*

Kiseke
11 Novemba 1997

Kaka, shikamoo.

Barua yako imenifikia juzi. Nisamehe, salamu zitakuwa fupi.

Usimpime tena. Usimkandamize mguu hata mara moja. Mazoezi niliyoagiza yaache leo hii. Asikanyage chini, hata kwenda chooni abebwe.

Zile nyuzi kumi, na goti kukimbilia nje lenyewe, maana yake nadhani naijua. Katika umri wa Amondi kichwa cha mfupa wa paja kinakaa juu ya shingo yake kwa sehemu laini, ile inayokua. Kwa baadhi ya watoto hulegea na kichwa kikaanza kuteleza, kidogo kidogo, miezi mingi. Kikiteleza polepole daktari wa mifupa anaweza kukishikilia hapo kilipo kwa msumari, na mtoto akaishi vizuri. Kikichomoka ghafla damu inakatika. Ilinipasa nikuambie umlete tangu barua ya kwanza. Sikufanya hivyo.

Mlete, usingoje barua nyingine. Mkifika Mwanza njoo kwanza hapa nyumbani Kiseke, usiende moja kwa moja hospitalini.

Nimempa barua hii kondakta wa basi la Musoma aiharakishe.

Selestina

*

Nyamkoro
7 Desemba 1997

Mpendwa mdogo wangu Selestina,

Natumaini wewe, shemeji Josephat na mtoto Hellen hamjambo kabisa na mnaendelea vyema na kazi. Sisi tunaendelea. Mama amepata kikohozi tena kwa sababu ya unyevu. Ukuta wa jikoni umeanguka, lakini hakuna aliyekuwa ndani. Mihogo imeozea ardhini. Daraja letu limechukuliwa na maji na hakuna gari linalopita kwenda Musoma kwa wiki ya tatu sasa. Shule imefungwa kabla ya wakati. Mbuzi wawili wamekufa. Antoni mwalimu mwenzangu amehamishwa, kuna mwingine anaitwa Kashindye, mtu mzuri.

Amondi aliteleza kwenye matope Jumamosi ya tarehe 22 mwezi uliopita, akaanguka. Tangu siku hiyo hasimami. Unyayo umelala nje kabisa na mguu unaonekana mfupi. Hali chakula usiku wala mchana, anakunywa uji tu. Mganga wa zahanati amefika kwa miguu, akatazama, akasema ni juu ya uwezo wake.

Barua yako sijapata. Hii anaichukua mchuuzi wa samaki mwenye mtumbwi wa injini, ataiposti Musoma.

Niandikie.
Oyoo

*

Kiseke
19 Desemba 1997

Kaka Oyoo,

Nilikuandikia tarehe 11 Novemba. Kama haijafika, basi hii ifike.

Mlaze chali. Weka mto au gunia la nguo upande wa nje wa paja na ugoko, mguu usizidi kugeuka. Msiunyooshe kwa nguvu, msimruhusu fundi wa kuunga mifupa auguse. Mgeuzeni kila baada ya saa chache, watu wawili, mguu uende na mwili kwa pamoja, asije akapata vidonda vya mgongo. Apewe maji mengi. Mkipata chombo chochote cha kwenda Musoma, mfungeni mguu wa kulia kwa wa kushoto kwa kanga, mapajani na kwenye vifundo, mmbebe juu ya mlango ulioong'olewa.

Nilikwenda stendi mara tatu kutafuta gari la kuja huko. La kwanza liliishia mtoni. Nilishuka nikasimama na abiria wengine kutazama maji, kisha tukarudi.

Kaka, ilikuwa saa ngapi alipoanguka? Alikuwa anatembea, au anakimbia? Daktari atauliza.

Selestina

*

Nyamkoro
3 Januari 1998

Selestina,

Leo zimefika barua zako mbili kwa pamoja, ya Novemba na ya Desemba. Ya Novemba ilikuwa imelowa na kukauka, lakini inasomeka. Nimeisoma.

Kesho kutwa boti ya kiwanda inayokusanya sangara itatupeleka Musoma, kisha tutaomba lori lao la barafu mpaka Mwanza. Tumeng'oa mlango wa chumba cha Mama. Hii nampa mtu wa kiwanda anayetutangulia. Tutakwenda hospitalini moja kwa moja, nitakuulizia idara ya mazoezi.

Oyoo

*

Kiseke
15 Machi 1998

Kaka, shikamoo.

Mama anaendeleaje? Wifi Wilhelmina je? Nimesikia barabara imefunguka kwa magari madogo. Hellen amezoea shule, sasa analia siku za Jumapili.

Ni miezi miwili tangu uliporudi na hukuandika, wala mimi sikuandika. Siku mbili ulizokuwa hapa tuliongea habari za uji na mashuka tu.

Nianze na Amondi. Wiki sita mguu ulivutwa kwa kamba na mfuko wa mchanga. Daktari wa mifupa alipiga picha nyingine mwezi wa pili, akaniita nikaitazama naye. Kichwa cha mfupa kimekufa. Si chote, lakini sehemu ya juu, ile inayobeba mwili, imeanza kubonyea. Alisema hakuna msumari utakaosaidia sasa. Ningeweza kuuliza maswali mengi, nilifundishwa maswali hayo, lakini nilikuwa nayajua majibu yake.

Yuko hapa kwangu tangu wiki iliyopita. Anatembea kwa magongo, baadaye itakuwa fimbo. Nilimpima jana. Kwa ndani hakuna kitu, nyonga haisogei hata kidogo. Kwa nje nyuzi ishirini. Nguvu mbili. Mguu umepungua urefu kwa upana wa kidole gumba. Namfanyisha mazoezi asubuhi na jioni ili asije akapoteza na hicho alicho nacho, ila kuzunguka hakutarudi, na ninakuambia wazi ili usingoje.

Sasa lile la kwangu. Ulipofika pale dirishani ukaniulizia, yule dada wa mapokezi alikuambia Selestina alipunguzwa kazini tangu mwezi wa saba. Ni kweli. Tulikuwa wanne, tukabaki wawili, kisha jina langu likasomwa. Siku uliponikuta na karai, nakaanga mapanki, vile vichwa na mifupa ya sangara vinavyotupwa na kiwanda minofu ikishatolewa, ulivua viatu ukakaa.

Wewe ulibaki Nyamkoro unafundisha ili mimi nikasomee Moshi. Ulipoandika mwezi wa tisa kwamba umlete hospitalini kwangu, hospitali yangu haikuwepo. Ningeweza kukuambia hivyo. Ningeweza kumpeleka Amondi mwenyewe, nikapanga foleni kama mama yeyote. Badala yake nilikuandikia namna ya kumpima kwa barua, kwa sababu kwenye barua nilikuwa bado mtu wa viungo. Hata mazoezi niliyaagiza kabla sijaona kipimo chochote. Mwanafunzi wangu angefanya hivyo ningemrudisha darasani.

Kuna jambo moja zaidi. Amondi hataki kurudi nyumbani. Nikimuuliza alianguka vipi anageukia ukutani, anasema, "Niliteleza tu, shangazi." Nimeona watoto wengi walioteleza kwenye matope. Sikuulizi.

Selestina

*

Nyamkoro
12 Aprili 1998

Mdogo wangu Selestina,

Mama yupo, anatembea mpaka kanisani. Leo Pasaka amevaa lile gauni ulilomshonea. Wengine wote wazima.

Barua yako nimekaa nayo wiki mbili. Habari ya kazi yako niliijua pale dirishani na sikukasirika. Nilikaa kimya kwa sababu niliona nikifungua mlango wako, itabidi nifungue na wangu.

Amondi hakuteleza. Jumamosi ile ya tarehe 22 ilikuwa mvua, tukapimia hapa nyumbani, kitandani. Wifi yako alikuwa kwa Mama. Jumamosi mbili nyuma nguvu ilikuwa tatu, iliyofuata haikufika tatu sawasawa. Mimi nikadhani ni uvivu. Ninafundisha watoto, Selestina, najua mtoto anayejitahidi na anayetegea, ndivyo nilivyojidanganya. Nilitaka sana kukuandikia nne. Akanyanyua mguu, nikaweka kiganja juu ya goti kama ulivyosema, nikakandamiza. Akasema, "Baba, inatosha." Nikamwambia, "Bado, sukuma." Nikaongeza mkono.

Nilisikia kwa mkono kabla ya kusikia kwa masikio.

Hakupiga kelele. Alinitazama tu, uso wote umelowa jasho. Nilipiga magoti pale chini, sikujua nimshike wapi. Mvua ilikuwa inapiga bati. Halafu yeye, mtoto, ndiye aliyesema, "Baba, tuseme nimeanguka." Nami nikasema, "Haya."

Tangu siku hiyo mpaka mnakutana Mwanza alilala wiki sita katika nyumba yangu, na kila nilipoingia chumbani alifumba macho. Nilidhani ni maumivu. Sasa naona alikuwa ananipumzisha nisitazamane naye. Wilhelmina nimemwambia juzi. Amehamishia kitanda chake kwa Mama.

Usinifariji. Niambie tu kama wiki zile sita zisingekuwepo, kama mto usingejaa na barua yako ingefika, angekuwa anatembea?

Oyoo

*

Kiseke
10 Mei 1998

Kaka Oyoo, shikamoo.

Sisi wazima. Josephat amerudi Ukerewe. Mapanki yananiendea vizuri kiasi, na watu wawili wa hapa mtaani waliopooza wameniomba niwafanyishe mazoezi nyumbani kwao, nimeanza.

Umeniuliza nami nakujibu. Ndiyo. Kama barua ingefika, au kama ningekwambia umlete mwezi wa tisa, angekuwa anatembea, pengine na kuchechemea kidogo. Mfupa ulikuwa umeshaanza kuteleza bila mkono wako na bila kalamu yangu. Hilo ni kweli, na mimi hujiambia kila ninapofunga fimbo yake kitambaa. Halinisaidii. Siwezi kukuambia haukuwa mkono wako, na wewe usiniambie haikuwa barua yangu.

Barua yako niliisoma peke yangu mara mbili, ya tatu nikamsomea Amondi, kwa sababu mambo hayo ni yake kuliko yetu. Alikuwa amekaa kwenye kigoda anachambua dagaa. Aliendelea kuchambua mpaka nikamaliza. Akauliza kama kweli umemwambia mama yake. Nikasema umeandika hivyo. Akasema hataki tena kusema uongo mtu akimuuliza mguu, kwamba uongo ndio uliokuwa unamchosha. Baadaye alilia, si kidogo, nami nikakaa naye mpaka Hellen alipotoka shule.

Usiku alipolala niliendelea kumsikia akigeuka, anatafuta namna ya kuuweka mguu ule. Hakuna namna. Kila ubavu una dakika zake, kisha anageuka tena. Itakuwa hivyo, na miaka ikienda itazidi. Ninakuandikia haya kwa sababu utamsikia na wewe, na sitaki uingie chumbani kumuuliza ana nini.

Amekubali kurudi. Tumezungumza na mwalimu mkuu wa hapa, anasema arudie darasa la sita, hajapoteza kitu. Dawati lake liwe la mwisho na nafasi pembeni, maana nyonga haikunjiki vya kutosha kukaa kama wengine. Akikaa chini kula, mpeni kigoda kirefu. Wanaomtania wasipigwe, ameniomba nikuandikie hilo, atawajibu mwenyewe.

Tutapanda basi la Jumamosi ya tarehe 23. Namsindikiza mpaka kwako, nitalala siku mbili nimwone Mama. Tutafika jioni. Ngazi ya mwisho ya basi iko juu, na Amondi atashuka akitanguliza fimbo, kisha mguu wa kulia, kisha mzima, ndivyo nilivyomfundisha. Itachukua muda na watu watatazama, kondakta atapiga kelele. Simama karibu, kaka, akuone. Ila mikono yako iwe chini. Usimshike mpaka akuombe.

Mdogo wako,
Selestina